Mkono Haumo Kwenye Utafiti

Walimkata nyama ya goti wakamwahidi kumtibu mkono, kisha nyama wakaitunza na mkono wakausahau. Hilo ndilo kosa, na halina haja ya kupambwa. Mengine yote ni namna watu waliosoma walivyohangaika ili lisionekane kosa.

Mwenye goti alikuwa msusi. Chumba chake cha kazi kilikuwa kati ya fundi simu na duka la mbao, na ndani kulikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, viti viwili vya plastiki na benchi la wanaongoja. Shule hakwenda. Kaka zake walikwenda kwa niaba yake, ndivyo alivyokuwa akisema, na hakuna aliyerudi na elimu ya kumgawia. Lakini vichwa vya watu alivijua. Wenzake walichora njia za nywele kwa mkia wa chanuo. Yeye alitumia ukucha wa dole gumba la kulia, akauburuta toka paji la uso hadi kisogoni mara moja tu, na njia ikanyooka kama imepigwa uzi. Wateja walisinzia mikononi mwake wakaamka wamependeza.

Baridi yabisi ilimwingia bila hodi. Asubuhi vidole vilikataa kukunjuka, akawa anavishikisha kikombe cha chai ya moto na kuvibembeleza kimoja kimoja kama watoto wasiotaka kuamka. Goti la kushoto likavimba. Kisha kwenye mkono wa kulia, pale dole gumba linapoanzia, kikaota kinundu laini kama unga uliokandwa. Ukucha uliokuwa ukichora njia ukaanza kuchora nyoka. Mteja mmoja alijitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Ndiyo mtindo mpya?" Msusi akajibu ndiyo, kisha akaenda kulia nyuma ya mlango.

"Ni baridi hiyo," alisema wifi yake, dada wa marehemu mumewe. "Vaa soksi."

"Soksi za mikono?"

"Soksi ni soksi, wifi."

Huyu wifi alikuwa amekuja kukaa wiki mbili, akipisha hasira za mumewe. Alikuja na begi moja. Begi likakaa mlangoni, kisha likaingia chumbani, kisha likazaa magauni, magauni yakashika kabati, viatu vikashika chini ya kitanda, na siku moja Msusi alipotafuta mto wake akakuta una kichwa tayari. Miaka imepita tangu hapo. Mume wa wifi hasira zilikwisha siku nyingi, mpaka ameoa.

Hospitalini walimpeleka kwa Profesa, bingwa wa magoti. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye harufu ya sabuni, na mazoea yake yalikuwa kuzungumza na kiungo kuliko mwenye nacho. Aliinama mbele ya goti, akalishika kwa mikono miwili, akaliuliza, "Unajisikiaje?"

"Linajisikia vibaya," Msusi akajibu kwa niaba yake.

"Ndani ya kila kiungo, mama, mna utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu," Profesa alieleza, bado anatazama goti. "Kazi yake ni kulainisha tu. Kwenye ugonjwa huu utando husahau kazi yake. Hunenepa, huota nyama, hutambaa juu ya mfupa na kuula kidogo kidogo, kana kwamba nyumba ni yake. Unachokosa ni kuambiwa toka, na sisi tunatafuta lugha ya kuuambia."

"Mtu wa namna hiyo mimi ninaye nyumbani," alisema Msusi. "Alikuja na begi moja."

Wifi, aliyekuwa amemsindikiza, akaangalia dirishani.

Ombi la Profesa lilikuwa hili: wamfungue goti, wausafishe ule utando ulioota, kipande kibaki maabara kwa utafiti, na wakishamaliza goti watausafisha mkono. Msusi akauliza kwa nini wasianzie mkononi, ambako ndiko liliko tonge lake. Profesa akasema goti lina nyama nyingi zaidi. Maneno hayo yalikuwa na akili kwa upande wa mwenye kisu. Kwa kuwa hajui kuandika, walimpaka wino kwenye dole gumba la kulia, lile lile bovu, wakalibana kwenye karatasi mpaka akauma meno. Kwa hiyo kilichotia sahihi ndicho kilichoachwa.

Haki ya mtu apewe: goti walilisafisha kweli, na kwa vidonge alivyopewa likapoa, akapanda ngazi bila kushika ukuta. Mkono ukangoja. Msusi akawa anakwenda kuulizia na anarudi. Profesa yuko kwenye kikao. Profesa ametoka kikaoni, anajiandaa kwa kikao. Siku moja, badala ya Profesa, alitokea msaidizi wake wa maabara, binti mwenye miwani iliyopandishwa juu ya nywele, akamrukia shingoni.

"Ni wewe! Mama mwenyewe! Njoo umwone Mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wako!"

Alivalishwa koti jeupe, kofia na viatu vya kitambaa, akaambiwa asikohoe, asiguse, na ikiwezekana asipumue sana. Chumba kilikuwa kisafi kuliko wodi yoyote aliyowahi kulala. Kulikuwa na kabati lenye joto la kupimwa, na ndani yake chupa bapa zimelazwa ubavu, kila moja na supu ya rangi ya waridi. Chini ya supu kulikuwa na ukungu mwembamba.

"Ndiyo yeye huyo," alinong'ona msaidizi. "Anakula vizuri mno. Tunambadilishia chakula mara kwa mara, hata sikukuu tunapangiana zamu. Umeme ukikatika, jenereta linawasha chumba hiki kwanza."

"Na wodini?"

"Wodini wana mishumaa."

Msusi aliinama akautazama ule ukungu, akautafutia sura. Hakuna alichokifahamu. Ilikuwa ni yeye, hata hivyo, amelala kwenye joto, analetewa chakula, ana watu wa kumwamkia. Hakumbuki lini yeye mzima alipata hata kimoja cha hivyo.

"Tena ana bidii," msaidizi aliendelea kwa fahari. "Tulimwekea kipande cha mfupa laini karibu yake. Akatambaa, akakifikia, akakila chote!"

"Mfupa wa nani?"

"Wa mzee mmoja aliyebadilishwa nyonga."

Msusi alijishika kifua. "Nyama yangu imemla mzee wa watu?"

"Kidogo tu, mama. Tena ameturahisishia kazi."

"Mwambieni samahani. Mimi nyumbani kwangu sina tabia hiyo."

Alipomwonyesha msaidizi mkono wake wa kulia, binti alishusha miwani, akautazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Pole sana. Lakini sisi utafiti wetu ni wa magoti. Mkono haumo." Akamwelekeza idara ya mikono. Idara ya mikono wakauliza anatibiwa na nani, akasema Profesa, wakasema basi ni mgonjwa wa Profesa, hawawezi kumgusa. Profesa alipopatikana, kwenye korido, anatembea, alisema idara ya mikono ni wataalamu wazuri sana. Yote haya aliyasema akilitazama goti lake, na alipokwenda aliliaga.

Maisha yakaendelea kwa namna yake. Wateja walipungua benchini, kwanza waliokuwa na harusi, kisha waliokuwa na haraka, mwishoni hata waliokuwa na huruma. Msusi aliona wazi kinachokuja: dole likifungwa kabisa, chumba anakirudisha kwa mwenyewe, na kioo chake kilichopasuka anakibeba kichwani.

Ndipo gari la hospitali likasimama mlangoni. Fundi simu alitoka nje na bisibisi mkononi kuangalia nani amekufa. Msaidizi wa maabara alishuka, macho mekundu, akamshika Msusi mabega.

"Mama, tumefiwa."

"Profesa?"

"Mtoto! Mhudumu alichomoa waya wa kabati ili achemshe maji ya chai, akasahau kuurudisha. Tumekuta chupa zote za baridi. Hakuna hata mmoja aliyepona."

Wifi, ambaye hakuwa amesikia vizuri ila neno *tumefiwa* lilimtosha, akafunga kanga kiunoni, akakaa chini, akaangua kilio. Mteja aliyekuwa nusu amesukwa akaona si adabu kukaa kimya, akalia naye. Fundi simu akazima redio. Msusi alibaki katikati ya msiba wa goti lake mwenyewe, goti likiwa zima chini ya sketi, hajui apokee pole au azitoe.

"Wifi, nyamaza," alisema. "Ni mimi niliyekufa, na niko hapa."

Wifi akafuta machozi. "Ungesema mapema. Nimeshajichosha."

Shida ya hospitali ilikuwa hii: wageni wakubwa walikuwa njiani kuja kumwona Mtoto. Kwa kuwa Mtoto hayupo, ilibidi waonyeshwe alikotoka, na kipande kingine kikatwe. Msusi alimtazama binti, akatazama gari, na kwa mara ya kwanza tangu augue akahisi ameshika kitu.

"Nitakuja," alisema. "Lakini safari hii mkono kwanza. Mwambie Profesa."

Jibu lilirudi kwa simu palepale: Profesa anasema hilo si tatizo, litaangaliwa.

Gari lilikuwa limetumwa kwa ajili ya goti: dereva alifungua mlango, akauliza, "Ni la kushoto?" Hospitalini Profesa aliinama, akalibonyeza, na uso wake ukaanguka.

"Limepoa," alisema kwa huzuni. "Halijavimba hata kidogo."

"Mlilitibu," Msusi alimkumbusha.

"Ndiyo, ndiyo. Bahati mbaya." Akafikiri. "Hebu panda ngazi kidogo, mama. Mara kadhaa. Labda litakumbuka."

Akapanda ngazi, akashuka, akapanda. Msaidizi alipanda naye akimpa moyo. Goti, likiwa halijui linatakiwa liumwe, lilizidi kulainika. Mwishowe Profesa akasema inatosha, ataeleza kwa maneno.

Ukumbi ulikuwa na mashuka meupe mezani na maji ya chupa. Kwa ajili ya kuilinda siri ya mgonjwa, asijulikane na mtu, walikuwa wametundika pazia la kijani, na fundi wa hospitali amelikata tundu. Msusi aliketishwa nyuma yake kwenye kiti cha chuma, mguu wa kushoto ukapitishwa tunduni, ukaegeshwa juu ya kigoda kwa upande wa wageni. Aliambiwa asiseme. Goti halina jina, walimweleza, likisema litajulikana.

Akawa anasikiliza. Viti viliburutwa. Mtu alikohoa. Profesa alianza kuusifu mguu, akigonga goti polepole kwa fimbo ya kuelekezea. Alisema mgonjwa huyu ni mfano wa pekee. Alisema utando wake ulikuwa na nguvu ya kutambaa ambayo hajapata kuiona. Mgeni mmoja akauliza kama mgonjwa anafurahia ushirikiano huu.

"Ameridhika sana," alijibu Profesa.

"Na maisha yake kwa ujumla?"

"Anapanda ngazi," alisema Profesa, na ukumbi ukanong'ona kwa kupendezwa.

Hapo nyuma ya pazia damu ilimpanda Msusi. Kuongea amekatazwa, sawa. Mkono hakuna aliyeukataza. Aliuleta mkono wa kulia kwenye tundu, autoe nje wauone. Lakini nafasi iliyobaki kati ya paja na kitambaa ilikuwa nyembamba, na kile kinundu cha dole gumba kikakwama. Alisukuma, maumivu yakampiga hadi kwapani, mkono ukagoma. Ulikuwa mgonjwa mno kuonyesha ugonjwa wake. Basi kwa hasira akautoa wa kushoto, ambao ulikuwa umevimba kidogo tu kwenye kifundo. Huo ulipita bila shida, ukasimama juu ya goti, vidole vimepanuka, unapunga.

Fimbo ya Profesa ilisimama hewani.

"Na hicho ni nini?" aliuliza mgeni.

"Ni mkono," alisema Profesa.

"Wa mgonjwa huyu huyu?"

Profesa alisita kidogo, kama mtu anayeombwa ataje jirani yake na hajawahi kuuliza jina. "Inaonekana hivyo."

Viti viliburutwa tena. Msusi alisikia viatu vinakaribia, akahisi vidole vya baridi vikimgeuzageuza kiganja, na mlio wa simu zinapiga picha. Mtu alisema kifundo kimevimba kidogo, inavutia sana, hatua za mwanzo kabisa. Mwingine akauliza kama hii ilikuwa kwenye mpango.

"Bila shaka," alisema Profesa, sauti yake imepona. "Hii ndiyo hatua ya pili ya utafiti. Mkono huu tutausafisha wiki hii hii, mbele ya macho yenu."

Wakapiga makofi. Nyuma ya pazia Msusi naye angepiga, ila mkono mmoja ulikuwa nje na mwingine haupigiki. Alilia kidogo, kwa furaha. Alidhani amesikiwa.

Siku ya kisu aliamka mapema, akaosha mkono wa kulia kwa sabuni ya wifi, ile nzuri. Kwenye chumba cha upasuaji alimwonyesha daktari wa usingizi, "Ni huu." Daktari akasema sawa mama, hesabu polepole. Akahesabu.

Alipozinduka, aliona bandeji nyeupe upande wa kushoto. Alidhani ni dawa ya usingizi inamgeuzia dunia. Akainua mkono wa kulia. Kinundu kilikuwa pale pale, kinamtazama.

Profesa aliingia na kundi lake, wanatabasamu wote. "Imekwenda vizuri kabisa! Tumepata kipande kizuri mno. Mtoto amepata mdogo wake."

"Mmekosea mkono," alisema Msusi.

"Hapana, hapana." Akatoa simu, akamwonyesha picha: goti lake, tundu, na mkono wa kushoto unaopunga. "Huu ndio wageni waliouona. Ndio nilioahidi."

"Mwenye mkono ni mimi! Nilisema wa kulia!"

"Lakini wa kulia haukutokea, mama," alisema Profesa taratibu, kwa upole wake wote, akiuambia mkono wa kushoto. "Mimi ningeujuaje?"

Msaidizi wa maabara alishusha miwani machoni, akatazama sakafu. Ndiye pekee aliyeona haya, na haya zake hazina kisu.

Basi hivi ndivyo anavyoishi sasa. Mkono wa kushoto umepona sana, umekuwa mwepesi kama wa msichana. Wa kulia umefunga. Dole gumba limelala kiganjani kama limechoka kusubiri. Kusuka kunataka mikono miwili, na yeye hana. Lakini wifi anao wa kulia, mzima, ambao tangu uzaliwe haujafanya kazi ya maana. Kwa hiyo mteja akikaa kwenye kiti, husimama nyuma yake wanawake wawili, bega kwa bega, mmoja ametoa mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, wanasuka msuko mmoja.

"Vuta," Msusi husema.

"Nimevuta."

"Si hivyo, utamng'oa. Pitisha chini. Chini, wifi! Chini ni upande wa sakafu!"

"Usinipigie kelele sikioni, mimi siyo kiziwi. Halafu mkono wangu huu naukodisha bure."

"Na chumba changu unakikodi kwa bei gani?"

Mteja katikati hujitazama kwenye kioo kilichopasuka, akiomba watoke salama wote watatu. Njia hazinyooki, wifi anatumia mkia wa chanuo, tena kwa mashaka. Ila watu wanakuja, wengine kwa nywele na wengi kwa kutazama, na wakisifia, wifi ndiye anayeitikia asante.

Juzi Msusi alikwenda tena. Alimkuta Profesa kwenye korido, akamnyooshea mkono wa kulia, akausogeza mpaka karibu na pua yake, asije akasema haukutokea. Profesa aliutazama muda mrefu. Akakiri kwamba umeharibika sana. Akasema wageni watakaporudi, na pazia likitundikwa, autoe huo.

Hana mpango wa kungoja pazia. Goti walilipata, mkono wa kushoto wameupata, kipande kimoja cha mwili wake kimekufa kwa baridi na kingine kinalala kwenye joto na kuletewa chakula. Kwa hesabu hiyo kimebaki kitu kimoja, na mwenye kukileta anajulikana kwa sura, kwa sauti na kwa harufu ya sabuni: Profesa anadaiwa mkono wa kulia. Aliuahidi mara mbili, mara moja mbele ya dole gumba lenyewe na mara ya pili kwa simu, gari likingoja mlangoni, na mpaka leo hajautoa.